Mtoto ametoka, kazi bado: niliyojifunza kwenye kondo la nyuma

Mnyama akishazaa, macho yote huenda kwa mtoto. Anapumua? Dume au jike? Amesimama? Mimi, baada ya miaka mingi ya kuzalisha ng'ombe, mbuzi, farasi na mbwa, nimezoea kugeukia upande wa pili, kwa mama, kusubiri kitu ambacho wengi hukiona ni uchafu wa kutupwa. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa anaondoka bandani mpaka zalio, yaani kondo la nyuma, litoke, na likitoka halizikwi mpaka alitandaze chini na kulikagua pande zote mbili. Sisi vijana tulimwona msumbufu. Alfajiri, usingizi umetujaa, naye yuko pale amechuchumaa anakunjua utando wa damu kwa ncha za vidole. Siku hizi msumbufu ni mimi.

Kondo la ng'ombe ndilo lililonifungua macho, kwa sababu kila kitu chake kinaonekana bila darubini. Ukilitandaza vizuri na kulimwagia maji, unaona utando mwembamba unaopitisha mwanga, mishipa ya damu imesambaa juu yake, na hapa na pale mabaka mekundu yenye manyoya laini kwa kuguswa. Mabaka hayo ni nusu tu ya kifundo. Nusu ya pili imebaki ndani ya ng'ombe, kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, ambako kuna vinundu kati ya 70 na 120. Vijinyoya vya upande wa mtoto huzama kwenye vishimo vya upande wa mama, vikashikana kama vifungo na matundu yake kwenye shati. Humo ndimo hewa, sukari na madini hupita kwenda kwa ndama, na taka zake hupita kurudi kwa mama. Vifundo vya katikati, karibu na ndama, huwa vikubwa kuliko vya pembeni. Ukikuta vichache lakini vikubwa kupita kiasi, ujue ng'ombe yule alikuwa na upungufu, na mwili ukajaribu kufidia.

Usidhani wanyama wote wako hivyo. Mbuzi na kondoo nao wana vifundo, ila vya mama vimebonyea katikati badala ya kutokeza. Kondo la farasi halina vifundo kabisa: lote, kutoka ncha hadi ncha, ni kitambaa chekundu kinachogusa kila sehemu ya mfuko wa uzazi. La nguruwe ni vivyo hivyo. Mbwa na paka wana mkanda unaomzunguka mtoto kiunoni. Binadamu na panya wana kisahani. Nilipoanza kuyajua haya niliyachukua kama mambo ya mtihani, ya kukariri na kusahau. Baadaye nikaona kwamba nusu ya matatizo ninayoitiwa usiku yanatokana na tofauti hizo.

Chukua suala la dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Hili lilithibitishwa Uingereza katika karne ya 18, pale William Hunter na mdogo wake John walipoona nta iliyodungwa kwenye mishipa ya mama haivuki kuingia kwenye mishipa ya mtoto. (Ndugu hao baadaye wakagombana hadharani juu ya nani aliyegundua kwanza.) Lakini unene wa ukuta unaozitenga damu hizo haulingani. Kwa binadamu na panya, damu ya mama hugusa moja kwa moja ngozi ya kondo. Kwa mbwa na paka kuna ukuta wa mshipa wa mama katikati. Kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi na nguruwe, tabaka zote za mama zipo. Kingamwili ni molekuli kubwa, haziwezi kupenya ukuta mnene namna hiyo. Kwa hiyo mtoto wa binadamu huzaliwa na kinga aliyopewa na mama akiwa tumboni, ilhali ndama huzaliwa mtupu, hana kitu.

Kinga yake yote iko kwenye maziwa ya kwanza, na utumbo wake huzipokea kingamwili hizo nzima nzima kwa muda mfupi tu. Mlango huo huanza kufungwa baada ya saa chache, na ikifika saa 24 umefungwa. Ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4 hivi za dang'a nzuri, na sehemu kubwa iingie mapema kabisa, katika saa mbili tatu za mwanzo. Nimekuta dang'a imekamuliwa vizuri, iko ndooni, nzito ya manjano, watu wanapongezana, na ndama amelala pembeni na tumbo tupu tangu usiku. Kwa macho alikuwa mzima. Siku chache baadaye akaanza kuharisha, na ndama asiye na kingamwili akiharisha hata dawa nzuri hufanya kazi kwa shida. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye ndama mgonjwa ni amenyonya saa ngapi, na la pili ni alinyonya kiasi gani.

Kondo pia ni kiwanda cha homoni, na hapa ndipo sindano zinapowaponza watu. Mimba hushikiliwa na projesteroni. Kwa mbuzi, homoni hiyo hutoka kwenye ovari tangu mwanzo hadi mwisho. Kondo lake halitoi ya kutosha. Kwa kondoo, baada ya siku 50 hivi kondo huchukua kazi na ovari inaweza hata kuondolewa bila mimba kuharibika. Sasa kuna sindano ya prostaglandini inayotumika kuwafanya majike waingie kwenye joto kwa wakati mmoja. Kazi yake ni kuua kiini cha njano cha kwenye ovari, ndicho kinachotoa projesteroni hiyo. Mchome mbuzi mwenye mimba, wakati wowote, mimba inatoka. Mtu aliyewahi kuona sindano hiyo haimdhuru kondoo mwenye mimba kubwa huja na ujasiri uleule kwa mbuzi. Mimi sichomi jike lolote kabla halijapimwa mimba, na mwenye kundi akinung'unika kwamba nampotezea muda, namwacha anung'unike.

Na ni nani anayeamua siku ya kuzaa? Zamani ilidhaniwa ni mama. Katika miaka ya 1960, Mont Liggins wa New Zealand alifanya majaribio kwa kondoo na kuonyesha kwamba ishara hutoka kwa mtoto. Tezi zake za juu ya figo hutoa homoni ya kotisoli, kotisoli huifanya kondo igeuze projesteroni kuwa estrojeni, na mfuko wa uzazi uliokuwa umetulia ukaanza kubana. Kotisoli hiyohiyo hukomaza mapafu ya mtoto. Kutokana na kazi hiyo, leo hata wanawake walio katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati huchomwa dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Zizini ina maana kwamba ndama aliyekufa tumboni, au mwenye kasoro ya ubongo, anaweza kuvuruga ratiba yote: huku mimba imetoka mapema, kule imepitiliza wiki na wiki na mama haonyeshi dalili yoyote.

Farasi ni habari nyingine. Kwa sababu kondo lake linahitaji kugusa ukuta wote, mapacha hugombania nafasi, na mara nyingi mimba hiyo huishia kutoka. Anayejua hilo hutafuta mapacha kwa altrasaundi mapema na kuminya mmoja, jambo linalowahuzunisha wenye farasi hadi waelezwe. Kisha kuna vile vikombe. Karibu na siku ya 36, chembe za kondo la farasi hujipenyeza ndani ya ukuta wa mama na kujenga vijikombe vinavyotoa homoni ya pekee, ambayo wataalamu huikusanya kutoka kwenye damu ya majike na kuitumia kuchochea mayai kwa wanyama wengine. Jike likipoteza mimba baada ya vikombe kujengeka, vyenyewe vinabaki hadi siku ya 120 hivi. Mwili unaendelea kuamini una mimba. Ukilipeleka kwa dume unajichosha, kwani halitashika vizuri mpaka vikombe vife.

Usiku mmoja nilikuwa zizini na jike la farasi lililokuwa likizaa kwa mara ya kwanza. Nilitarajia kuona utando mweupe unaong'aa, wenye rangi ya samawati kidogo, na miguu ikionekana ndani yake. Kilichotokeza kilikuwa kifuko chekundu, kizito, chenye manyoya laini. Anayekijua kitu hicho hangoji kuuliza. Maana yake kondo limebanduka kabla mtoto hajatoka, na mtoto yuko ndani hana hewa ya mama wala hewa ya nje. Nilikipasua kwa mkasi palepale, nikaingiza mkono, nikaipata miguu, nikavuta kila jike lilipobana. Mtoto alitoka akiwa amelegea, ulimi umebadilika rangi. Tulimsugua kwa taulo, tukamfuta pua, tukampulizia hewa, akapiga chafya. Kazi yote, kutoka kifuko kuonekana hadi chafya, ilikuwa ya dakika chache. Simu ya kumwita mtaalamu isingesaidia. Aliyepo ndiye anayepasua. Tangu hapo kila mwenye jike la farasi lenye mimba kubwa namwonyesha picha za rangi hizo mbili, nyeupe na nyekundu, na namwambia aweke mkasi mahali panapofikika gizani.

Likishazaa, saa inahesabiwa upya. Kondo la farasi linatakiwa litoke ndani ya saa tatu. Likipita hapo ni dharura, kwa sababu sumu za bakteria huingia kwenye damu na kushukia kwatoni, na farasi anaweza kulemaa kwa ajili ya kipande kisichozidi kiganja. Hutandazwa chini kwa umbo la herufi F: mwili wake ni mstari mrefu, na mikono miwili ni pembe mbili za mfuko wa uzazi. Halafu unatafuta upungufu. Sehemu inayopenda kubaki ni ncha ya ile pembe isiyokuwa na mtoto, nyembamba kuliko zote. Kuna siku nililijaza maji kondo lililoonekana kamili, maji yakatoka kwa ncha ile badala ya kubaki ndani. Mwenye farasi aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayetafuta shida pasipo na shida. Tulimwosha jike mfuko wa uzazi kwa maji safi mengi yenye chumvi, na kipande kikatoka kesho yake, kimeshaanza kunuka.

Ng'ombe ana subira zaidi. Kwa kawaida zalio lake hutoka ndani ya saa 12, na likipita saa 24 tunasema limebaki. Hapo ndipo mikono huwasha. Zamani tulifundishwa kuingiza mkono na kubandua kifundo kimoja kimoja, kazi ya jasho na harufu, na tulijivunia tukimaliza. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kuling'oa hakumsaidii ng'ombe. Huchubua ukuta, huacha vipande, na hukwamisha kinga ya mwili inayofanya kazi hiyohiyo polepole. Kondo hutengana kwa sababu chembe nyeupe za mama hulitambua kuwa ni tishu ya mwingine na kuyeyusha gundi iliyoshikilia vifundo. Ng'ombe ambaye kinga yake imelegea, kwa upungufu wa madini ya seleni na vitamini E, kwa homa ya maziwa, au kwa kuzaa kwa shida, hubaki nalo. Mapacha pia, na mimba zinazotoka kabla ya wakati, maana gundi haikuwa imekomaa kuyeyuka.

Kwa hiyo nafanyaje? Nakata kinachoning'inia ili kisiburuzwe kwenye kinyesi, napima joto kila siku, naangalia kama anakula. Akipata homa na kukosa hamu, natumia antibayotiki ya sindano. Akiwa mzima namwacha, nalo litatoka lenyewe baada ya wiki moja hivi. Harufu inatisha watu kuliko hali yenyewe ya ng'ombe. Kuna wanaolifunga jiwe ili lijivute. Nimeyakata majiwe hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mara moja nilikuta mfuko wa uzazi nao umeanza kufuata.

Lakini kuna zalio ambalo siligusi bila glavu ndefu, na ningeomba hata wewe usiliguse: la mimba iliyotoka. Likiwa gumu kama la ngozi, limenenepa, lina ute wa rangi ya kahawia au manjano kati ya vifundo, wazo la kwanza ni brusela. Bakteria yake ya ng'ombe ilitambuliwa na Bernhard Bang wa Denmark mwaka 1897, na kondo la ng'ombe huivutia kwa sababu lina erithritoli nyingi, sukari ambayo bakteria huyo huipenda na kuzaliana kwayo. Mimba hutoka kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, na zalio moja hubeba vijidudu vya kuambukiza kundi zima pamoja na anayelishika. Homa yake kwa binadamu huja na kuondoka kwa miezi, viungo vinauma, mtu anatibiwa magonjwa mengine yote kwanza. Kwa mbuzi na kondoo kuna pia homa ya Q, ambayo vijidudu vyake hujaa kwenye kondo, hukauka, na kupeperuka na vumbi. Kati ya 2007 na 2010, Uholanzi ilipata wagonjwa zaidi ya 4,000 kutokana na mbuzi wa maziwa, na wengi wao hawakuwa wamewahi kumgusa mbuzi. Mjamzito asikaribie kabisa mahali mbuzi au kondoo wanapozalia. Mbwa wasipewe. Kondo lizikwe kwenda chini sana au lichomwe, lakini kabla ya hapo kipande chenye vifundo kikatwe kwa ajili ya maabara. Watu hupeleka kijusi peke yake na kufukia zalio, kisha majibu yanarudi kwamba chanzo hakikuonekana. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa umekaa kwenye kile kilichofukiwa.

Kwa mbwa niseme moja tu. Akitoa majimaji ya kijani kibichi, wenye mbwa hushtuka. Rangi hiyo hutoka pembezoni mwa ule mkanda wa kondo, na baada ya kitoto cha kwanza kuzaliwa ni kawaida. Ikionekana kabla ya kitoto chochote na hakuna kinachofuata, basi kondo limeshabanduka na muda unayoyoma.

Kuhusu mama kulila zalio lake, nimeulizwa mpaka nimechoka. Mamalia wengi wa nchi kavu hulila, hata wasiokula nyama. Ngamia ni miongoni mwa wachache wasiolila. Kwa panya imeonekana kwamba kondo na maji ya uzazi huongeza nguvu ya dawa za maumivu za mwili wenyewe. Mimi kwa ng'ombe naliondoa, kwa sababu anaweza kukabwa na utando, na kwa sababu nataka kulikagua. Kwa paka na mbwa namwacha ale moja mbili, si yote.

Nilipoanza kusoma zaidi ya mahitaji ya kazi, nilikuta mambo ambayo bado hunikosesha usingizi mzuri. Mwaka 1984 watafiti waliunda viinitete vya panya vyenye urithi wa baba tu, vikatengeneza kondo kubwa na mtoto duni. Vyenye urithi wa mama tu vikafanya kinyume chake. Kwa maneno mengine, jeni za baba ndizo zinazosukuma kondo lichukue zaidi kutoka kwa mama. Na mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba protini inayounganisha chembe za kondo la binadamu, sinsitini, hutokana na jeni ya kirusi kilichoingia kwenye urithi wa mababu zetu zamani za kale. Wanyama wanaocheua wana sinsitini yao, iliyotoka kwa kirusi kingine.

Kilichobaki ni pacha. Ng'ombe akizaa ndama dume na ndama jike pamoja, furaha huwa maradufu, na mimi ndiye ninayekuja kuipunguza. Makondo ya pacha wa ng'ombe hukutana mapema na mishipa yake ikaungana, hivyo homoni za dume hupita kwa jike wakati viungo vyake vya uzazi vinajengwa. Zaidi ya 9 kati ya 10 ya majike hao huwa tasa. John Hunter, yuleyule wa nta, aliwaeleza mwaka 1779 bila kujua sababu. Frank Lillie ndiye aliyeonyesha mishipa hiyo, kwenye kazi yake ya 1916 na 1917. Mwaka 1945 Ray Owen wa Marekani akakuta kwamba pacha wa namna hiyo hubeba aina mbili za damu maisha yao yote bila mmoja kumkataa mwingine, na kutoka hapo Peter Medawar akajenga hoja yake juu ya mwili kujifunza kuvumilia tishu za mwingine, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Macfarlane Burnet. Upandikizaji wa figo unadaiwa fadhila na ndama.

Mwenye ndama hataki historia hiyo. Anataka kujua kama amlee jike lake au la. Kipimo ni rahisi: bomba jembamba lenye ncha butu, limepakwa mafuta, linaingizwa taratibu ukeni ndama akiwa na wiki chache. Kwa ndama wa kawaida linaingia sentimita 12 au zaidi. Kwa tasa hugota kwenye 5 hadi 8. La mwisho nililopima liligota mapema, nikalichomoa nikaonyesha alama ya kidole changu. Mwenyewe alinyamaza kidogo, akauliza kama jike hilo litakua na kunenepa kama wengine. Litanenepa, nikamwambia, na pengine haraka kuliko wenzake. Basi akaamua amfunge kwenye banda la madume ya kunenepeshwa, nikamwandikia kwenye kitabu chake cha kumbukumbu: pacha wa dume, asipandishwe.